Mayige Alivyonunua Gitaa kwa Macho

Mayige hakuwahi kununua ng'ombe aliyesifiwa. Mwenye mali akianza kusifu pembe, yeye aliinama akaangalia kwato. Miaka ishirini na sita ya udalali katika minada ya Bariadi na vijiji vyake ilimfundisha kwamba mdomo wa muuzaji una kazi moja tu, kukutoa macho pale yanapotakiwa kuwa. Kwa hiyo alizunguka mnyama mara mbili, akamfungua kinywa, akapitisha kiganja mgongoni, kisha akaondoka kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine. Baadaye ndipo aliporudi kutaja bei. Kanuni yake ya kwanza, ambayo hata wanawe waliijua kwa moyo, ilikuwa hii: usimwonyeshe mtu kitu unachokihitaji. Akishakiona, amekushika.

Jumapili alikuwa mtu mwingine kidogo. Alikaa upande wa kushoto wa altare ya kigango chao na kupiga gitaa la solo kwenye kwaya, kiti alichokikalia tangu kwaya ilipokuwa na spika moja ya kuazima. Hakusoma nota. Vidole vilijua njia, isipokuwa kimoja. Miaka mitatu nyuma dume lilishtuka zizini, kamba ikamzunguka kidole cha pete cha mkono wa kushoto, na tangu siku hiyo kidole kile hukunjika nusu tu, na nguvu hakina. Wanakwaya walidhani kimepona. Mayige aliwaacha wadhani. Gitaa lake la zamani lilimsitiri: nyuzi zake zilikaa chini, karibu kulala kwenye shingo, na kidole kibovu kilizikandamiza bila kushindana nazo.

Mwezi wa sita gitaa hilo lilivunjika shingo, bodaboda ilipoteleza kwenye changarawe. Fundi makabati aliligundisha. Gundi ilishika wiki mbili, ikaachia katikati ya wimbo wa matoleo. Tamasha la kwaya za vigango lilikuwa limebakiza siku kumi na nne.

Na kulikuwa na Sylvester.

Sylvester alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, fundi wa umeme wa jua, mwenye vidole virefu kama vya mtu anayesuka ukili. Alikuwa na adabu kupita kiasi, na adabu ya namna hiyo Mayige aliiweka kapu moja na sifa za wauza ng'ombe. Mwalimu wa kwaya, Jenifer, hakuwa amesema lolote la kumwondoa mzee. Alisema tu, "Baba Mayige, mkono ukichoka, Sylvester yupo." Alisema hivyo mara mbili. Mtu akisema mara moja ni huruma. Akisema mara mbili, ameshaamua na anakuzoesha.

Jumanne Mayige akaenda dukani kwa Tajudin, karibu na stendi, mahali panapouzwa spika, vinanda na vipaza sauti.

"Ngosha!" Tajudin alimpokea, kama wanavyoitwa wanaume wa Kisukuma. "Leo umekuja kununua au kunitazama uso?"

"Napita tu. Nimeona una kivuli kizuri."

"Kivuli hiki nakilipia kodi, ujue."

Mayige aliuliza bei ya spika asiyoitaka. Akauliza ya kipaza sauti. Akalalamikia zote mbili. Ndipo, kama mtu anayejinyoosha, akashusha ukutani gitaa jipya la umeme, jekundu, lililokuwa bado na karatasi ya nailoni kwenye bati lake la kifuani.

Alilipima uzito. Akaliweka begani na kuchungulia toka kitakoni hadi kichwani, kama anavyochungulia uti wa mgongo wa maksai. Akagonga ubao mgongoni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akazungusha masikio ya kukazia nyuzi, moja moja. Tajudin akachomeka waya kwenye spika na kukaa pembeni, mikono tumboni. Mlangoni walisimama wateja wawili, na mmoja alikuwa mtu wa kigango chao.

Hapo ndipo Mayige alipokosea, na alikosea kwa kufuata kanuni yake mwenyewe. Alizipiga nyuzi zote sita kwa mkono wa kulia zikiwa wazi, zikalia vizuri. Kwa mkono wa kushoto aligusa nota mbili tu, kwa kidole cha kwanza, juu juu. Hakushika kodi hata moja, ule mshiko wa nyuzi kadhaa kwa pamoja. Angeshika kodi, kidole kingeonekana. Tajudin angejua shida yake iko wapi, na kabla ya magharibi kigango kizima kingekuwa nayo.

"Umesikia sauti hiyo?" Tajudin aliuliza.

"Hata beseni lina sauti."

"Basi nenda kanunue beseni, Ngosha, ukaimbie nalo tamasha."

Walivutana mpaka chai ya pili. Mwisho Tajudin akatoa masharti yake, akiyahesabu kwa vidole. "Likikushinda, lirudishe kabla ya saa sita mchana Jumamosi, hela yako utapata yote. Lakini skrubu isiguswe hata moja. Likifunguliwa ni lako mpaka kiama."

"Nilifungue nikatafute nini?"

"Nyie watu wa mnadani nawajua. Hamlali mpaka mmeona meno."

Nyumbani, gitaa likamuuma.

Nyuzi zilikuwa zimesimama juu ya shingo kama nguo kwenye kamba, na kila aliposhika kodi ya karibu na kichwa, kidole cha pete kilitetemeka, kikateleza, nota ikafa. Alipopandisha na kushusha mkono, ncha za freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zilimchoma pembeni ya kidole cha shahada kama mabua ya mtama. Shingo yenyewe ilikuwa nyembamba na bapa. La zamani lilijaa kiganjani kama mpini wa jembe; kwenye hili, dole gumba halikujua likae wapi. Nusu wimbo tu, mkono ukawaka hadi kiwikoni.

"Mkono huo?" mkewe Milembe aliuliza kutoka jikoni.

"Gitaa," Mayige alijibu.

Alianza kushuku. Alishuku kwamba Tajudin alilibadilisha alipoinama kutafuta boksi. Akakumbuka kwamba boksi lilikuwa wazi muda wote, bado akashuku. Alishuku kwamba ni mali bandia, iliyopakwa rangi ikapewa jina la watu. Alimshuku yule mteja wa mlangoni, kwamba alitumwa. Alishuku masharti yenyewe: kwa nini muuzaji aogope skrubu? Usiku wa Jumatano alikuwa ameshashuku kila kitu Bariadi isipokuwa kile kilichoning'inia mwisho wa mkono wake wa kushoto, na hicho alikizunguka kama mtu anavyozunguka shimo njiani.

Maana swali lilikuwa moja tu. Kama gitaa ndilo bovu, linarudi Jumamosi, anatafuta jingine, kiti kinabaki chake. Kama mkono ndio umekwisha, hakuna duka la kuurudisha.

Mnadani, ukishindwa kujua kama mnyama anachechemea au ni ardhi mbovu, unampa kamba mtu mwingine amtembeze. Alhamisi, kwenye mazoezi, Mayige akampa Sylvester gitaa.

"Hebu lijaribu, kijana. Nataka kulisikia nikiwa mbali."

Sylvester alilipokea kwa mikono miwili. Akapiga wimbo wa kuingilia wote, bila kukosea, na Jenifer akaacha kupanga karatasi zake akawa anasikiliza. Hilo nalo Mayige aliliona.

"Unalionaje?" aliuliza.

"Laini kabisa, baba. Gitaa zuri sana."

"Halikazi?"

"Hapana, baba. Linajipiga lenyewe."

Jenifer alimtazama Mayige mara moja, akayarudisha macho kwenye karatasi. Mayige alipokea gitaa kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akaushika mkono wa kijana kama anayempongeza. Akaugeuza kidogo. Kwenye ncha za vidole vile virefu nyuzi zilikuwa zimechora mifereji mirefu, myekundu, kama kamba kwenye shingo ya ndama aliyevutwa kutwa.

Linajipiga lenyewe!

Aliuachia mkono. Kwa hiyo gitaa lilikuwa gumu, tena gumu hata kwa kijana mzima. Kwa nini basi aseme laini, mbele ya mwalimu? Mayige alipata jibu kabla hajafika nyumbani. Gitaa likiwa laini, na mzee akalishindwa, basi aliyeshindwa ni mzee.

Jumamosi alfajiri alipanda gari la kwenda Lamadi, akaunganisha hadi Kiloleli, gitaa limefungwa kwenye kanga ya Milembe. Huko, mfanyabiashara mwenzake wa ng'ombe alikuwa amemwambia, kuna mama aitwaye Mektilda. Zamani alipiga gitaa la ridhimu katika bendi ya dansi ya Mwanza. Sasa anashona nguo, na makwaya ya Busega yote yakiharibikiwa humpelekea yeye vyombo.

Alimkuta barazani, cherehani mbele, miwani imefungwa kwa uzi. Ilikuwa saa tatu. Ili Mayige awahi kwa Tajudin, ilimbidi awe njiani kufikia saa nne.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bhabha. Karibu. Umebeba mgonjwa?"

"Sijui kama anaumwa. Nataka uniambie bila kumgusa skrubu."

Mektilda alimtazama juu ya miwani. "Yaani daktari asipime?"

"Apime. Asikate."

"Mtu wa mnadani wewe," mama alisema, akasukuma cherehani pembeni.

Mayige aliketi karibu kiasi cha kuona kila kidole chake. Mektilda alikandamiza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mwingine, akamwambia achungulie katikati.

"Uzi uliokandamizwa hivi ni rula. Unaona upenyo wowote chini yake?"

"Hakuna. Umelala."

"Unatakiwa upenyo wa karatasi ngumu moja. Maana shingo inatakiwa ipinde mbele kidogo sana, nyuzi zipate pa kutikisikia. Hii imepinda kinyumenyume. Limetoka pwani kwenye unyevu, likaja kukaa kwenye kiangazi chetu, mbao zikakauka zikasinyaa. Ndiyo maana ncha za freti zinakuchoma. Chuma hakikukua, ubao ndio umepungua."

"Basi nyuzi zingegusa freti, zikwaruze. Mbona hazikwaruzi?"

"Swali zuri." Akaligeuza gitaa, akaonyesha mwisho wa nyuzi, kwenye vipande sita vidogo vya chuma vinavyozibeba. Kila kimoja kilikuwa na skrubu mbili ndogo kuliko punje ya mtama. "Tazama vichwa vyake."

Mayige alichungulia. Kwenye chuma kipya chenye kung'aa kulikuwa na mikwaruzo, na tundu moja la skrubu lilikuwa limelika kwa kifaa kisicho saizi yake.

"Limeshafunguliwa," alisema polepole.

"Kitambo. Mtu alilisikia linakwaruza, hakujua shingo, akazipandisha nyuzi mpaka likanyamaza. Linaonekana zima. Ila kulipiga ni kama kupanda kilima cha Ngasamo na gunia."

Mayige alicheka kwa puani. Skrubu isiguswe hata moja! Kumbe mwenye sharti ndiye alikuwa wa kwanza kulivunja. Akaanza kulifunga kwenye kanga. Saa nne kasoro kumi, angewahi kabisa, na angekuwa na maneno ya kusema mbele ya wateja.

"Unalirudisha?" Mektilda aliuliza.

"Kwa nini nisirudishe?"

"Rudisha. Atakupa hela, utanunua jingine lililokuja na lori lilelile, limekauka kwa jua lilelile. Karibu kila gitaa jipya hutoka kiwandani halijamjua mtu. Hili ubao wake ni mzuri. Freti zimelala sawa, nimezipima. Kilichoharibika ni mpangilio, na mpangilio unarekebishika." Akavua miwani. "Lakini kabla sijagusa kitu, nataka kuona mkono wako."

"Mkono wa nini?"

"Wa kushoto. Shika kodi."

"Wewe tengeneza gitaa, mayu. Mkono ni wangu."

"Nitashusha nyuzi kiasi gani? Kuna anayepiga kwa nguvu, ukimshushia sana zinakwaruza. Kuna mwenye kidole chepesi, ukimwachia juu anaumia. Mimi sishoni suti ya mtu ambaye hajavua koti."

Mayige alitazama barabarani. Gari la Lamadi lilikuwa limesimama, kondakta anaita. Mama huyu angeweza kuwa na ndugu Bariadi. Angeweza kumjua Jenifer. Watu wa kwaya wanajuana wote. Angeweza pia kuwa anatafuta tu kazi ya siku. Katika miaka yake yote hakuna muuzaji wala fundi aliyewahi kumwomba aonyeshe shida yake, akamwonyesha, na akatoka salama.

Lakini dukani alificha mkono, na ona alichonunua.

Gari likaondoka. Akalifungua gitaa, akaliweka pajani, akashika kodi ya kwanza, na kidole cha pete kikafanya kama kinavyofanya: kikajikunja nusu, kikatetemeka, kikateleza.

Mektilda hakusema pole. "Ng'ombe?"

"Kamba ya dume."

"Rudia. Tena. Basi, nimeona."

Alifanya kazi mpaka saa saba. Alilegeza nyuzi, akaingiza kichwani mwa gitaa kifunguo kilichopinda kama kiwiko, mpaka kwenye chuma kilichomo ndani ya shingo, akakilegeza robo mzunguko.

"Robo tu?" Mayige aliuliza. "Nimesafiri toka Bariadi kwa robo?"

"Ukitaka nusu, niache nikalete na shoka."

Akavua nyuzi za kiwandani na kuvisha nyembamba zaidi, akakaza, akasubiri ubao ujipange, akapima kwa ukanda wa karatasi ya kalenda, akaongeza kidogo. Kisha akazishusha nyuzi, moja moja. Alipofika kwenye kile kipande cheupe kichwani, chenye vijia sita vya kupitisha nyuzi, akakichimba kwa tupa nyembamba kama sindano ya kushonea magunia. Huko ndiko kulikokuwa kukimuua karibu na kichwa, alisema, vijia vilikuwa na kina kifupi. Mayige aliuliza sababu ya kila msuguo. Mara mbili alimshika mkono fundi. Mara moja fundi alimpiga kofi la kidole kama mtoto. Mwisho alipitisha tupa laini na msasa pembeni mwa shingo mpaka freti zikaacha kuuma, na saa sita ya Tajudin ikapita wakati wanapuliza vumbi la ubao.

"Piga."

Mayige alipiga. Kodi ya kwanza ikasimama. Ya pili ikasimama. Kidole kibovu kiligusa uzi, ukalala chini yake bila ugomvi, nota ikatoka safi na ikakaa. Alipiga wimbo wa kuingilia wote, akapanda juu, akashuka, akitegea mkwaruzo kama mtu anayesubiri kudanganywa. Haukuja. Mkono haukuwaka.

Ndipo akaingia wimbo wa matoleo, wenye ile kodi ya kulaza kidole cha kwanza juu ya nyuzi zote huku kidole cha pete kikinyoosha mbali. Ikafa. Akarudia. Ikafa.

"Shusha tena," alisema.

"Nikishusha zitakwaruza."

"Basi geuza kile chuma."

"Bhabha, sikiliza." Mektilda alipitisha kiganja nyuma ya shingo. "Mpangilio nimeugeuza. Umbo siligeuzi. Hii shingo imechongwa nyembamba, bapa, na hiyo ndiyo mifupa yake. Kiganja chako kingetaka nene ya kujazia, hapo pengine kidole kingepata mwegemeo. Pengine. Na hata hiyo nene, mwaka ujao sijui."

"Kwa hiyo ni gitaa."

"Makosa manne ya gitaa nimeyatoa. Hilo moja lililobaki ni lenu wawili."

Mayige alimtazama usoni muda mrefu, akitafuta pa kumkamata. Hakupaona. Akamlipa, na kwa mara ya kwanza mwaka huo hakuomba apunguziwe. Aliomba tu zile nyuzi za zamani, maana zilikuwa zake.

Saa kumi alikuwa kwenye mazoezi. Jenifer alimwona anaingia na kanga begani, akamtazama Sylvester, na Sylvester akatazama chini. Walipiga wa kuingilia, wakapiga wa katikati. Jenifer alisimamisha kwaya mara moja tu, na waliokosea walikuwa sauti ya tatu. Kisha akataja wimbo wa matoleo.

Mayige angeweza kuupita kwa ujanja. Angepiga nusu kodi, spika ikafunika, na Jumapili ya tamasha ingejulikana mbele ya vigango vyote. Badala yake alivua mkanda wa gitaa.

"Sylvester. Njoo hapa. Alhamisi uliniambia gitaa hili ni laini."

"Ndiyo, baba."

"Lilikuwa laini?"

Kijana alilitazama gitaa. "Lilikuwa linauma, baba. Niliogopa kusema. Umenunua gitaa jipya, mimi niseme bovu? Wangesema nataka kiti chako."

"Hukitaki?"

Sylvester hakujibu haraka, na kuchelewa huko ndiko kulikomfurahisha Mayige kidogo. "Nakitaka, baba. Lakini si kwa njia hiyo."

Mayige hakumwamini yote. Alimwamini kiasi anachomwamini mtu aliyekiri anataka ng'ombe kabla hajauliza bei. Mtu wa hivyo angalau unaweza kukaa naye mkaongea.

"Kidole changu cha pete ni kibovu," alisema, kwa sauti ile ile anayotajia umri wa maksai. "Tangu miaka mitatu. Wimbo huu siuwezi. Huu ni wako, leo na siku ya tamasha. Zilizobaki ni zangu. Mwalimu, kuna neno?"

Jenifer aliweka alama kwenye karatasi yake. "Hakuna, baba."

"Na nikiwa kwenye kiti hiki usiniambie tena habari ya mkono kuchoka. Ukichoka nitakwambia mimi."

"Nimesikia, baba."

Alikaa kwenye benchi la sauti ya nne. Sylvester alianza wimbo wa matoleo, na ile kodi ikasimama wima, safi, kila ilipoitwa. Mayige alisikiliza ameinamisha kichwa. Alitafuta mkwaruzo, alitafuta kosa, alitafuta kijana kuongeza madoido ya kujionyesha. Kwenye ubeti wa pili aliyaona, mawili, madogo, na akayaweka moyoni.

Jenifer alipotaja wimbo wa nne, Mayige alikuwa ameshasimama, mkono wa kushoto umenyooka mbele.

"Lete," alisema.